Kocha Mwenye Nusu ya Jina Langu

Mwaka jana baba mdogo alistaafu ualimu, akaniita Busia nimsaidie kusafisha stoo. Usidhani nilikuta hazina. Nilikuta mabati, jembe lisilo na mpini, magunia yaliyoliwa na panya, na nyuma kabisa ile kompyuta ya zamani, nyeupe iliyogeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Kifuniko chake cha ubavuni kilikuwa kimetoka, na kuku alikuwa ametaga mayai matatu ndani, juu ya nyaya. Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilisimama pale na ufagio mkononi, nikiwa na hasira ya msichana wa miaka kumi na miwili, nikashangaa kwamba hasira inaweza kukaa miaka yote hiyo bila kuoza.

Ngoja nikueleze.

Kwetu kulikuwa upande wa Uganda, karibu na barabara kuu ya mpakani, kiasi kwamba malori yaliyopanga foleni kungoja kuvuka yalikuwa kama majirani. Chakula chetu cha mchana kilinukia njugu zilizosagwa na dizeli kwa pamoja. Baba mdogo alikaa nyumba ya pili katika boma hilohilo. Alifundisha hesabu, na ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kuwa na kompyuta nyumbani. Aliinunua upande wa Kenya, ikiwa imetumika, akaivusha kwa baiskeli ikiwa imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Mmiliki wake wa kwanza alikuwa amesahau mchezo mmoja ndani yake.

Haukuwa mchezo wa kupiga mpira, na hapo ndipo watoto wengi walipochoka nao. Wewe unakuwa kocha. Unasajili wachezaji, unapanga kikosi, unasoma barua za wakubwa wa klabu, kisha mechi inapita kwa maandishi, dakika baada ya dakika, na kazi yako inabaki kuomba Mungu. Wavulana wa mtaani waliangalia siku moja wakarudi zao uwanjani. Tulibaki wawili, mimi na mtoto wa baba mdogo, ambaye nilimwita kaka, kwa maana kwetu huyo ni kaka. Alinizidi miaka miwili.

Mimi uwanjani sikuwahi kuitwa. Msichana kazi yake ilikuwa kuokota mpira ukiingia kwenye mihogo. Lakini siku ya kwanza ya mchezo ule kaka alisogea kwenye benchi akaniambia, "Dada, wewe una kichwa ya hesabu. Kaa hapa. Chagua timu." Sijui kama unaelewa maneno hayo yalinirefusha kiasi gani.

Nikachagua timu ndogo kabisa ya daraja la nne huko Ulaya, yenye jezi za kijani, ya mji ambao hatukujua hata unatamkwaje. Kwenye nafasi ya jina la kocha tuliandika nusu ya jina langu tukaunga na nusu ya lake. Tukacheka sana. Lilisikika kama jina la mtu kutoka nchi ambayo haijagunduliwa.

Nilikuwa naamka mapema niteke maji, nifagie uwanja, nichambue majani ya kunde, nioshe masufuria, ili ikifika saa nane mama asiwe na neno. Ndipo navuka uwanja kwenda kwa baba mdogo. Kaka alishika kipanya, mimi nilishika daftari. Humo niliandika nani amechoka, nani amekasirika, nani anapenda winga wa kulia. Kuna siku tulishinda mabao manne kwa moja ugenini, na kabla hatujahifadhi, umeme ukakatika. Uliporudi tukaicheza mechi ileile, kikosi kilekile, tukafungwa mawili. Kaka alipiga meza. Mimi nilitoka nje nikakaa na malori.

Lakini tulipanda daraja. Kisha tukapanda tena. Na katikati ya hayo tukampata Njiti. Mchezo wenyewe ndio uliomzaa, kijana wa miaka kumi na sita kutoka timu yetu ya watoto, na uzito wake ulikuwa mdogo hivi kwamba tukampa jina hilo, njiti ya kiberiti. Mimi ndiye niliyesema achezeshwe. Kaka alikataa, nikasisitiza, akaingia dakika ya sabini akafunga mawili. Kuanzia hapo sikuwahi kuwaza jambo lolote bila Njiti kuwemo. Baada ya misimu sita, ambayo kwetu ilikuwa kama miezi minane, tulikuwa daraja la kwanza kabisa, tukikaa nafasi ya tano kama watu wenye heshima zao.

Likizo ya Agosti nyanya aliteguka kifundo cha mguu huko kijijini kwake, Kiyeyi, nami nikatumwa kumsaidia kung'oa njugu. Nilimwachia kaka daftari. "Njiti usiuze," nilimwambia. "Wote usiuze."

"Siwezi kugusa mpaka urudi," akasema. "Haki ya Mungu."

Wiki tatu nilikaa kwa nyanya, mikono ikinuka udongo, tukipukuchua njugu hadi vidole vikawaka. Nilimsimulia habari za timu. Hakuelewa kwamba watu wale hawapo, kila jioni akipakua ugali wa wimbi aliniuliza, "Na watu wako, wamekula?" Nami nilimjibu wamekula.

Nilirudi Busia siku ya Jumamosi, sikupita hata kwa mama. Nilimkuta kaka mbele ya kompyuta. Jezi kwenye kioo zilikuwa za bluu.

"Hii ni timu gani?"

Hakugeuka. Akataja klabu kubwa, ile tuliyoichukia kuliko zote. "Walinitafuta, dada. Ungekuwa wewe ungekataa?"

"Walitutafuta. Jina ni letu wawili."

"Sasa wewe ulikuwa kwa njugu."

Nikauliza Njiti yuko wapi. Akabonyeza mara moja, na Njiti akatokea, amevaa bluu. Alikuwa amemnunua wiki ya kwanza tu baada ya kuhama. Nikaomba anionyeshe timu yetu. Ilikuwa ya tatu kutoka mkiani. Na kwenye kurasa za habari, maana mchezo ule ulikuwa na magazeti yake, nikasoma kwamba mashabiki wa kijani wamechoma jezi na wanamwita kocha wao msaliti. Jina la msaliti lilianza na nusu ya jina langu.

Sikulia bado. Nilimpelekea baba mdogo kesi. Aliisikiliza kwa makini kama kesi ya ng'ombe, kisha akasema mchezo unaruhusu makocha wawili, kila mmoja kwa zamu yake. "Chukua timu yako," akaniambia. "Andika jina lako lote." Nikaandika lote, herufi moja moja.

Zilikuwa zimebaki mechi tisa. Sijawahi kufanya kazi kama ile, hata ofisini leo. Tulikaa benchi moja na kaka, mabega yakigusana, bila kuongea. Nilishinda tatu, nikatoa sare nne, nikafungwa moja. Ikabaki ya mwisho, nami nilihitaji sare tu ili nisishuke. Mpinzani alikuwa yeye. Tayari alikuwa bingwa. Mechi haikumwongezea kitu.

Akanigeukia, sauti imelegea kama zamani. "Dada, usijali. Nitaweka watoto. Sare inatosha."

Nilimwamini. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya kuondoka kwake, kwamba mara ya pili pia nilimwamini. Nikapanga kikosi cha kujilinda, nikabonyeza. Majina ya timu yake yakashuka kwenye kioo, na hakukuwa na mtoto hata mmoja. Wote walikuwa wakubwa, na Njiti namba kumi.

"Umesema utaweka watoto."

"Nilisahau kubadilisha," akasema, macho kwenye kioo.

Tulikaa sifuri kwa sifuri mpaka dakika ya themanini na nane. Mfungaji sina haja ya kukutajia. Kaka aliruka juu akashangilia, mikono hewani, mbele yangu. Ndipo nilipolia, kilio kikubwa hivi kwamba mama mdogo alikuja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi, akiuliza nani amekufa.

"Ni mchezo tu," kaka akamwambia.

Sikurudi kwenye benchi lile. Kaka aliendelea peke yake hadi msimu wa mvua, radi ilipopiga nguzo ya umeme na kompyuta ikazimika moja kwa moja. Aliponiletea habari hiyo nilikuwa nafua. Niliendelea kufua.

Tumekuwa watu wazima tangu hapo, na tunaelewana. Alinisindikiza siku ya harusi yangu. Krismasi baada ya ile siku ya stoo tulikutana wote Kiyeyi, kwenye nyumba ya nyanya, ambaye hayupo tena. Mtoto wa kaka alikuwa akicheza mchezo wa namna ileile kwenye simu, na kaka akaanza kumsimulia jinsi alivyotoa timu ya daraja la nne akaifikisha juu kabisa, yeye peke yake, na kompyuta moja mbovu.

"Na shangazi?" mtoto akauliza.

"Shangazi yako? Alikuwa anakaa hapo pembeni, anaangalia tu."

Nilimtazama machoni nikitafuta uongo. Haukuwepo. Alikuwa na uso wa mtu anayesema kweli.

"Muulize baba yako," nikamwambia mtoto, "beki wetu wa kushoto mwenye goti bovu tulimwita nani."

Kaka akakunja uso, akafikiri kwa dhati. "Beki gani?" akasema.

Nikanyanyuka nikaenda kusaidia vyombo. Miaka yote ile nilikuwa namkasirikia kwa kuichukua timu yetu, na chini ya hasira nilidhani angalau tuko wawili tunaoikumbuka.