Jina Lililobaki Kwenye Njia ya Katana

Tonton Déo, mdogo wa marehemu baba yangu, anaishi Ubelgiji. Vita vya pili vilipokuwa vikiendelea alifungua tovuti ya familia yetu. Aliniandikia kupitia sehemu ya intaneti ya Kadutu, mjini kwetu, kwamba picha anazo, na majina ya wakubwa anayo. Yaliyokosekana ni majina ya watoto waliozaliwa na kufa tulipokuwa tukikimbia vita vya kwanza. Aliyeyajua alikuwa Koko peke yake, bibi yetu, mama yake Tonton, kule kijijini Katana. Mimi niliishia shule ya msingi, na kuongea na watu kunanitisha. Lakini nyumbani hapakuwa na mwingine wa kutumwa.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka nyumbani Cimpunda, daftari ndani ya shati. Lori la watafuta mkaa lilinifikisha Kavumu. Kutoka hapo nilitembea. Mashamba ya mihogo yalimezwa na majani, na nyumba nyingi hazikuwa na milango.

Mchana, Katana, nilimkuta Koko akipukuchua maharage. Nikamweleza habari ya Tonton na kompyuta.

"Déo anataka kutuweka mu ordinateri? Basi andika. Anza na mutoto mwanamuke wa shangazi yako. Alizaliwa mu pori, akaishi siku tatu, yeye na mama yake wakaenda pamoja. Padri hakumuandika, Leta, serikali yenyewe, haikumuandika. Jina lake niko nalo mimi tu."

Akalitaja. Nikaliandika.

"Weye, unaandika kama konokono! Nitakufa mbele umalize."

Alicheka, akataja mengine kumi na moja bila kusita, mikono ikiendelea na maharage.

Kesho yake saa nne, nikirudi, kwenye kizuizi karibu na Kavumu, askari alinipapasa akatoa daftari.

"Hii liste ni ya nini? Uko naandikisha watu ya kupigana?"

"Hapana, chef. Ni familia. Walishakufa."

"Walishakufa, na uko nawatembeza?" Wenzake wakacheka. "Wafu hawaombake karatasi. Pita!"

Nilitaka kumwomba nisome ukurasa wa kwanza, mara moja tu. Badala yake nikapita, daftari likabaki mkononi mwake.

Jioni, Kadutu, niliketi mbele ya kompyuta nikibonyeza kwa kidole kimoja. Majina kumi na moja yalikuja, maana ni yale tunayorithishana katika familia. La kwanza halikuja. Halikuwa la mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nimeliandika, kwa hiyo sikulishika kichwani.

Siku chache baadaye, kabla sijarudi kumwuliza Koko, njia ya Katana ilifungwa. Ilipofunguliwa, habari ya kwanza iliyotufikia ni kwamba Koko amefariki.

Sasa yumo kwenye tovuti, na picha yake. Chini ya jina la shangazi, Tonton ameandika: "Binti. Siku tatu." Koko hakujua kusoma, na jina lile alilibeba miaka yote ile. Mimi ninayejua kuandika nililibeba siku moja.