Maoni Chini ya Picha ya Bwawa

Kazi yangu katika ile hoteli ya Diani ilikuwa kuhakikisha haionekani kuwa iko Kenya. Nilishika ukurasa wake wa mtandaoni. Nilipandisha picha za bwawa, za madafu yaliyotiwa maua, za nyayo mchangani, kisha nikawajibu wageni kwa vikopa vyekundu. Niliifanya vizuri, na leo nikikumbuka jinsi nilivyojivunia naona aibu.

Siku ya maandamano Ukunda, vijana walitoka asubuhi na bendera na filimbi. Kufikia adhuhuri walikuwa wameingiliwa na wahuni wa kukodiwa, wanaokuja na marungu kila mara na hakuna anayejua kwao ni wapi, na hao ndio waliovunja maduka ya watu wasio na hatia. Polisi wakawapisha hao wavunjaji kwa adabu kubwa, wakawafukuza wenye bendera. Basi dogo la hoteli lilikuwa linawatoa wageni uwanja wa ndege, likakwama katikati. Dereva alituambia wageni walifungua madirisha wakarekodi kana kwamba wako mbugani. Mbele ya basi hilo hilo, wanaume waliovaa kiraia walimtupa kijana mmoja ndani ya pikapu isiyo na namba, wakaondoka naye.

Kijana huyo alikuwa dobi wetu, mfua mashuka wa hoteli, siku hiyo akiwa mapumzikoni. Tena alikuwa jirani yangu Msambweni. Ukuta wa nyumba ya mama yake na yangu ni mmoja.

Mama yake alizunguka vituo vyote vya polisi mpaka Kwale mjini, na kote aliambiwa hawamjui. Hoteli nayo ikasema alikuwa kibarua tu, haina faili lake, ingawa mashuka aliyoyafua bado yalikuwa vitandani. Dereva mmoja wa tuktuk alikuwa amerekodi video kwa mbali, nyuso hazitambuliki, akaipandisha mtandaoni. Kampuni yenye mtandao ikaiondoa kabla ya magharibi, ikisema ina ukatili na inaudhi jumuiya yake. Jumuiya gani hiyo, sijui, maana mimi sijawahi kuitwa kikaoni. Lakini video ya mheshimiwa mmoja, aliyewaita vijana wetu kunguni wa kupondwa kwa buti, iko mpaka leo. Hiyo waliiita maoni.

Siku ya tatu yule mama akaandika chini ya picha yetu ya bwawa. Aliandika kwa Kiswahili, na chini yake kwa Kiingereza alichoandikiwa na mwalimu wa mtaani: "Wageni mliokuwa kwenye basi, nawaomba kwa jina la Mungu. Mlikuwa na simu. Mwenye video ya gari lililomchukua mwanangu anitumie, nijue nimuulize nani."

Meneja wetu, mtu wa bara mwenye manukato ya kukohoza, alinijia mbio na simu mkononi.

"Toa hii kitu, haraka. Wageni wakiona hii, booking zote zinaisha."

"Anamtafuta mwanawe tu," nikasema. "Hajamtukana mtu."

"Hii page ni yetu, si ya serikali. Freedom of speech aende akaifanyie kwake."

Huyo huyo, juma moja kabla, alikuwa amepandisha picha yake ameshika bango la uhuru wa kusema, miwani ya jua juu ya kichwa.

Sikuyafuta maoni ya mama. Ningependa kusema ni kwa ujasiri, lakini nilikuwa mwoga tu. Ukifuta maoni, mwenyewe huyakosa na huja juu. Ukiyaficha, yeye na marafiki zake wanaendelea kuyaona pale pale, na watu wengine wote hawaoni kitu. Nikabonyeza "ficha", nikapandisha picha ya kamba wa kuchoma.

Jioni ile mama akanibishia hodi. Alikuwa na sahani ya mahamri, yamefunikwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea haya. Nilijua watakulazimisha uyafute, na wewe hukuyafuta. Mwenyezi Mungu akulipe."

Niliyala. Hilo nalo liandikwe. Sahani ikabaki kwangu, kwa sababu kwetu huwezi kumrudishia jirani sahani tupu, lazima utie kitu, na kila nilichofikiria kutia kilinishinda. Siku kumi na tano niliiangalia kwenye rafu.

Kisha siku moja alasiri akaja tena, akaketi kibarazani, akafungua simu anionyeshe maoni yake, yako vile vile, na dua za majirani chini yake.

"Wamepita watu wangapi hapa, mwanangu? Wote wameona na hakuna aliyesema neno. Hawa wageni hawana watoto?"

Alipoondoka nikaingia kwenye ukurasa, nikayafichua. Kesho yake jibu lilikuwapo, kutoka kwa mgeni mmoja mwanamke, ameshafika kwao. Mama akaja mbio na simu, hajui lililoandikwa, uso umemjaa tumaini. Nikamtafsiria neno kwa neno: "Nilikuwa nayo. Nyuso za wale wanaume zilionekana wazi. Juzi nimefuta video zote za safari ili nipate nafasi kwenye simu. Samahani sana. Kwa nini hamkuuliza mapema?"

Mwishoni alikuwa ameweka kijiuso kinacholia.

Mama akaniangalia. "Mapema vipi? Mimi si niliandika siku ya tatu?"

Nikamwambia. Nilimweleza kitufe kilivyo, kinavyofanya, na kidole kilichokibonyeza kilikuwa cha nani. Sikumtaja meneja, kwa sababu meneja hakula mahamri yake.

Hakupiga kelele. Nilitamani apige.

"Nipe sahani yangu," akasema.

"Ngoja, mama, nikutilie japo unga."

"Nipe hivyo hivyo."

Akatoka nayo tupu, ameishika mkononi bila kitambaa, majirani wakimwona mpaka mlangoni kwake.