Wimbo Uliotangulia Msiba

Usiku ule simu ililala dirishani, kwa kuwa katika nyumba nzima ya Eliakunda mtandao ulishika hapo tu, kwenye nondo ya pili. Mama na binti walikaa wakiitazama kama watu wanaochunga maziwa jikoni yasifurike. Walikuwa wakingoja habari za Mwalimu Melkizedeki, aliyeteremshwa hospitalini Same siku tano nyuma, amefungwa kwa kanga mgongoni mwa dereva wa bodaboda ili asidondoke kwenye kona. Mwanawe, Sifael, aliahidi kupiga simu kabla watu hawajalala. Sasa ilikuwa saa tisa.

Irine, binti wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa na daftari magotini. Alifuta, akaandika, akafuta tena. Eliakunda alimtazama binti yake zaidi kuliko alivyoitazama simu. Tangu baba yake Irine afariki, mama huyu alijizoeza kuona jambo likiwa bado liko mbali, na usiku ule aliona mawili yakija. La kwanza ni kifo cha mzee. La pili hakulijua jina.

Saa kumi na nusu simu ikatetemeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tupe habari."

"Wameturuhusu. Kukikucha tunapanda naye nyumbani."

Eliakunda akasema Mungu asifiwe, kwa sababu ndivyo inavyosemwa. Lakini alielewa. Mtu mwenye mapafu yale haruhusiwi kwa kuwa amepona. Anaruhusiwa akafie kwake.

Irine alikuwa amekwisha kusimama. "Anarudi? Basi atausikia."

Alichotakiwa mzee kukisikia kilikuwa ndani ya daftari lile, na hadithi yake ilianza miaka minne kabla.

Melkizedeki alipuliza klarineti miaka ishirini na sita katika bendi ya kambi moja ya askari huko pwani. Alipostaafu alisimamia vibarua kwenye machimbo ya jasi bondeni Makanya, mpaka vumbi jeupe likamkaa kifuani. Hapo akapanda kurudi kijijini mlimani, na sanduku la vyombo vilivyotupwa na bendi: klarineti mbili, filimbi moja ndefu ya kulaza mdomoni, na saksofoni iliyofungwa kwa waya. "Hawa wote ni ukoo wa mbao," alipenda kusema, "hata wawili hawa waliovaa chuma."

Irine wakati huo alikuwa ameanguka kidato cha nne, analima maharage na mama yake na kuimba sauti ya pili kwaya ya usharika. Wenzake waliokwenda kufundishwa kwa Mwalimu walitaka kupuliza. Yeye alitaka kujua nani anapuliza nini, na kwa nini. Mzee akamwambia: "Haya, nipangie wimbo. Mmoja, mfupi, kwa hivi vinne."

Irine aliupanga kama alivyoona nyimbo za kwaya zikipangwa. Sauti ya kwanza akampa filimbi, ya pili na ya tatu klarineti, besi saksofoni, na wote akawapa do moja. Kwaya ndivyo ilivyo: mwalimu hutoa do, watu sitini wanaifuata. Lakini vyombo vya kupuliza havifuati mtu. Klarineti ukiiandikia do, inatoa sauti iliyo chini kuliko do ya filimbi, na saksofoni nayo ina yake. Siku walipojaribu uani kwa Mwalimu, mbuzi wa jirani alikata kamba.

"Irine," alisema Asheri, muuza nyama aliyeshika klarineti ya kwanza, "huu ni wimbo au ni ugomvi wa wake wenza?"

Mwalimu alicheka mpaka kikohozi kikamwinamisha. Alipopata pumzi akasema: "Umewavisha watu wanne kiatu kimoja, mwanangu. Rudi ukampime kila mmoja mguu wake."

Miezi mitatu Irine alipima miguu. Eliakunda aliamka usiku akamkuta jikoni, taa ya sola mbele yake, anaandika kila chombo ukurasa wake na do yake. Alipopeleka tena, vyombo vilipatana, lakini Jackline wa filimbi aliishiwa pumzi katikati ya mstari, macho yamemtoka.

"Atapumulia wapi huyu?" Mwalimu aliuliza. "Kwaya wanaibiana pumzi, mmoja akivuta mwingine anaimba. Jackline yuko peke yake. Umemwandikia mstari wa kuua mtu."

Basi Irine akajifunza kuandika pumzi. Akajifunza kumnyamazisha filimbi ili klarineti isikike ikiwa chini kabisa, pale inapotoa sauti ya mtu anayesema na wewe kwa karibu. Na kadiri binti alivyojifunza, ndivyo pumzi za mzee zilivyokuwa zikimwishia. Mwishoni alifundisha akiwa amekaa kitandani, anaonyesha kwa kidole.

Ndipo akamwomba jambo lile.

Katika usharika wao, mtu akifa, wapiga tarumbeta hupanda kanisani alfajiri wakapuliza wimbo mmoja mara tatu, wakielekea mabondeni. Hakuna anayeuliza. Mwenye jembe analiweka chini, mwenye kuni anajitwisha, mwenye turubai analishusha darini.

"Tarumbeta zinamfokea mfiwa," Mwalimu alimwambia Irine. "Nataka wimbo huo uzungumze naye. Upange kwa hawa wanne. Nami nataka niusikie kwa masikio yangu. Nimewapulizia watu zaidi ya mia, hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia nimekosea wapi." Alicheka peke yake. "Na Mama Sifael asijue. Atalia kabla ya wakati."

Irine aliahidi. Alipomweleza mama yake, Eliakunda aliweka mwiko chini.

"Huo ni uchuro, Irine. Mtu hapangiwi wimbo wa msiba na yu hai."

"Mwenyewe ndiye aliyeomba, mama."

"Aliomba kwako. Kijiji hakikumsikia akiomba."

Sasa mgonjwa alirudi, na Irine alitaka kuwachukua wenzake siku iyo hiyo waende moja kwa moja kwake. Wimbo wote hawajaupuliza pamoja hata mara moja. Eliakunda alimshika mkono mlangoni. Akaona jinsi watakavyokosea mbele ya kitanda, waanze upya, wakosee tena, na mgonjwa anahangaika na Mama Sifael anauliza kulikoni. Akasema kwa nia njema kabisa:

"Msiende kufanya kelele za kujifunza kwa mgonjwa. Jaribuni kwanza mbali. Nendeni kanisani."

Irine alimsikiliza mama yake. Neno lile Eliakunda angetoa shamba lake lote apate kulirudisha. Wasiwasi ulimsahaulisha kwamba kanisa lile wazee walilijenga juu ya bega la mlima kwa sababu moja tu, kwamba kinachopulizwa pale kisikike mabonde yote matatu.

Asubuhi ya pili, ukungu bado umekaa kwenye migomba, Eliakunda alikuwa akichota maji kwenye mfereji utokao ndiva, bwawa la kumwagilia la kijiji, alipousikia. Sauti ilikuwa ya chini, laini, haikufanana na tarumbeta. Lakini wimbo ni ule. Mara ya kwanza akafikiri, ni uzuri gani huu. Walipokosea wakarudia, jirani yake aliyekuwa mbele akaweka ndoo chini, akavua kofia. Waliporudia mara ya tatu, wanawake walikuwa wamegeuka kurudi makwao kuchukua kanga.

"Ni Mwalimu," walisema. "Sikia, hata wanafunzi wake ndio wanaopuliza."

"Hapana!" Eliakunda alipiga kelele. "Wanajifunza tu! Jamani, wanajifunza!"

"Pole, Mama Irine," mmoja alimwambia, akampapasa bega. "Sote tunajikaza."

Alikimbia. Lakini mlima una njia nyingi na miguu yake ilikuwa miwili. Alipofika kwa Mwalimu, uani pamejaa watu wapata arobaini. Mizigo ya kuni ilikuwa imekwisha kutuliwa. Wanaume wawili walikuwa wakipima kwa hatua turubai likae wapi. Mwanamke mmoja alianza kulia kwa sauti, wengine wakampokea.

Mama Sifael akatoka ndani, bakuli la uji mkononi.

"Nani amekufa?"

Kilio kikakatika. Mzee wa kanisa aliyekuwa karibu naye akakohoa. "Tumesikia wimbo, mama."

"Wimbo gani? Mume wangu anakunywa uji! Amekataa chumvi, amekula vijiko vinne!" Akawaangalia, mmoja mmoja, kisha kuni, kisha turubai. "Mmekuja kumzika na kijiko kiko mdomoni?"

Toka ndani kikohozi kilisikika, chembamba. Hapo watu wakaanza kuondoka bila kuagana. Kuni hawakuzichukua, kuni zilizoletwa msibani hazirudishwi, na hakuna aliyejua kama hizi ni za msiba au si za msiba. Zikabaki pale uani.

Irine na wenzake walifika wakishuka mbio, vyombo mikononi. Mama Sifael aliviona. Aliingia ndani, na komeo likasikika.

"Mama, shikamoo," Irine alisema kwenye mbao za mlango. "Mama, tafadhali. Ni Mwalimu mwenyewe aliyeniomba. Alitaka ausikie."

"Muongo mkubwa wee. Melkizedeki nimeishi naye miaka arobaini na moja. Jambo la kifo chake angelisema kwako?"

Kusema kwamba mzee alitaka mkewe asijue kungemuumiza mama yule kuliko uongo.

Siku tatu mlango ule haukufunguliwa kwa mtu yeyote ila Sifael, na Sifael naye alipita akiinamisha kichwa. Irine alikwenda asubuhi na jioni, akakaa kizingitini kama mtu anayedai haki. Kijiji kikapata mchezo. Kwenye bomba la maji wasichana walimwita Irine Tangazo. "Dada, mimi usinipulizie bado," mmoja alisema, "mahindi yangu hayajakomaa." Mama wa kijana aliyetaka kumchumbia Irine aliacha kupita kwao. Eliakunda aliyaona yote, hata yale ambayo Irine aliyaficha.

Siku ya tatu jioni akaenda mwenyewe. Alisimama mbele ya mlango akasema kwa sauti ya kutosha:

"Mama Sifael, ni mimi niliyewatuma kanisani. Mtoto alitaka kuja hapa kwako kimyakimya. Mimi ndiye nilimkataza. Kosa ni langu."

Sauti ikatoka karibu sana, kana kwamba mwenye nyumba alikuwa ameegemea mbao zilezile.

"Aliusikia."

"Mwalimu?"

"Dirisha lilikuwa wazi. Akaniuliza, nani amekufa? Nikamwambia hakuna. Akageukia ukutani. Tangu hapo hajanena nami neno." Alipumua. "Sasa niambie, Mama Irine. Alijua ni wake, au alidhani ni wa mtu mwingine?"

"Sijui, dada yangu."

"Hata mimi sijui. Nenda nyumbani."

Eliakunda alimpelekea binti yake habari hiyo, neno kwa neno. Alitegemea atalia. Irine akafungua daftari. Akaiondoa filimbi kwenye wimbo. Akatoa saksofoni. Akatoa klarineti ya pili. Mwanzo wa wimbo, ile sehemu inayoita watu, akaukata wote. Kilichobaki alikiandika kwa klarineti moja, kwenye sauti za chini kabisa, na kila baada ya maneno machache akaweka pumzi, karibu karibu, kama za mtu mgonjwa. "Huu hautavuka ua," alisema.

Kulipopambazuka walikwenda watatu: Irine, Asheri na klarineti yake ndani ya koti, na Eliakunda nyuma. Asheri, ambaye kwa kawaida hakukosa mzaha, hakuwa nao. Umande ulikuwa umelowesha zile kuni. Moshi haukutoka jikoni.

Irine aligonga. "Mama Sifael, nimeupunguza. Hautasikika nje. Nipe nafasi mara moja tu, nikikosea nitaondoka nisirudi."

Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka kwa mara ya kwanza.

Mama Sifael alikuwa amejifunga kanga kifuani, na nyingine kiunoni, kwa namna ya mfiwa ambayo kila mwanamke wa mlima anaijua. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Saa nane za usiku," alisema. "Sijamwambia mtu. Sifael nimemwambia anyamaze. Wakishajua hawatanipa nafasi, na mimi nilitaka kwanza nikae naye." Akamtazama Irine muda mrefu. "Alichokuomba wewe hakuniomba mimi. Basi nipigie mimi nikisikie."

Irine akashika mwimo wa mlango. Eliakunda akanyoosha mkono, lakini binti yake alikwisha kuvuka. Asheri akainama, akamfuata.

"Wewe baki hapo, Mama Irine," Mama Sifael alisema, bila ukali. "Mtu asije." Akaufunga.

Eliakunda akasimama kati ya mlango na rundo la kuni. Alitega sikio. Hakusikia kitu. Binti yake alikuwa ameandika vizuri. Akaweka kiganja kwenye mbao, na hapo tu, kwenye ngozi ya mkono, akahisi mtetemo mdogo ukija na kukatika, ukija na kukatika.

Njiani alipita jirani na jembe begani. Alisimama akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyewahi kuaibika mahali pale:

"Mama Irine, nije?"

Eliakunda aligeuka, mgongo wake ukauziba mlango.

"Nenda shamba," alisema. "Mtaitwa."