Waya Mmoja, Redio Mbili

Enzi zetu pale Lionja, televisheni ikiwa haijaotwa hata ndotoni, nyumba na nyumba ziligawana waya wa redio. Wajukuu wangu wakinung'unika kwamba antena moja haitoshi televisheni tatu, nacheka. Tatizo hilo nalijua tangu nina miaka tisa.

Nieleze kidogo. Redio zile zilikula betri nzito kama tofali, na bila waya mrefu wa shaba juu, sauti ya Dar es Salaam haikufika. Baba aliufunga wetu kutoka mkorosho hadi nguzo ya uani, kisha akamvutia jirani yetu Bi Somoe tawi la waya huo. Yeye alikuwa na redio aliyoachiwa na mwanawe wa pekee, Hamisi, alipokwenda Tanga kukata mkonge. Basi waya mmoja ukilisha redio mbili, kila moja hupungukiwa. Yetu ikaanza kukwaruza, nami nikanuna. Baba akasema, "Redio ikikwaruza, ujue na jirani anasikia."

Hamisi aliandika kwamba atamsalimu mama yake katika kipindi cha salamu, Jumapili alasiri. Jumapili tatu Bi Somoe alikaa kibarazani na kanga mpya, akimtania baba kutoka ng'ambo ya ua: "Shemeji, leo mwanangu anatajwa Tanganyika nzima! Wewe utatajwa na nani, mbuzi wako?"

"Mbuzi wangu angalau analala nyumbani!"

Jumapili ya nne wazazi walikwenda msibani Nkowe. Nikataka muziki safi, siku moja tu. Nikapanda kiti, nikaufungua waya wa Bi Somoe. Sauti ikatakata, nikacheza peke yangu. Wimbo wa pili ulipoisha, mtangazaji akasoma: Hamisi aliyeko Tanga anamsalimu mama yake, Bi Somoe wa Lionja, Nachingwea, yeye ni mzima, mama asiwe na wasiwasi.

Nilisikia kila neno. Niliurudisha waya, lakini salamu ilikwisha pita.

Bi Somoe akachungulia uani. "Mwanangu, yangu ilinyamaza ghafla. Yenu je? Hamisi katajwa?"

Nikamwogopa baba. "Hajatajwa, mama."

Aliendelea kukaa kibarazani Jumapili baada ya Jumapili, ila utani ule haukurudi. Alipofariki nilikuwa na watoto wangu, na bado sikuwa nimemwambia.

Leo kila chumba kina televisheni yake, na wajukuu wanataka picha isiyotikisika hata chembe. Ya sebuleni ikianza kukwaruza, wanakimbilia kuchomoa waya wa chumbani kwa bibi yao mdogo, ndugu yangu ninayeishi naye. Nawaambia waache. Nami nakaa naitazama hivyo hivyo, na chenga zake.