Sura ya Nne

Filomena alipomaliza kisomo cha watu wazima pale Temeke, alikuwa ameshasoma habari za pamba, choo bora na samadi mpaka akaona basi, yatosha. Sasa alitaka riwaya yake. Aliijua kwa moyo, maana mumewe Kasiani, karani wa ghala, alimsomea mwaka ule wa Uhuru, kila jioni baada ya kula, na kila jioni akimalizia maneno yaleyale: "Macho yamechoka. Tutaendelea kesho."

Ilikuwa habari ya Mwanahawa, mke wa mlevi, aliyevumilia mpaka mume akajirudi. Filomena alimpenda kupita kiasi. Binti yao wa kwanza akamwita Mwanahawa, na padri alipoguna, akaambiwa atangulize Bernadeta, yaishe.

Basi Jumapili moja akakishusha kitabu kutoka juu ya kabati, akakaa barazani, kidole kikifuata mstari. Sura tatu za kwanza akawakuta watu wake wote aliowazoea: mlevi yuleyule, mama mkwe yuleyule na mdomo wake. Raha iliyoje! Sura ya nne Mwanahawa akafunga mzigo, akapanda basi la Tanga, akaondoka.

Filomena akarudia. Akaondoka tena. Akadhani labda herufi zinamchezea, akatamka silabi mojamoja kama alivyofundishwa: a-ka-o-ndo-ka. Hakuna ubishi. Akaendelea mpaka mwisho. Huko Tanga Mwanahawa alifungua duka la kushona nguo, akanenepa. Mume tangu hapo alitajwa mara moja tu, alipofariki, tena nusu mstari.

Ah! Miaka yote hiyo Filomena alivumilia mengi kwa mfano wa mtu ambaye hakuvumilia hata kidogo. Ilimuuma vibaya.

"Baba Mwanahawa!" akamwita mumewe, aliyekuwa uani ananyoa ndevu. "Huyu mwanamke aliondoka."

Kasiani akaja na povu shavuni. Akakitazama kitabu, akamtazama mkewe.

"Aliondoka," akakubali.

"Mbona ulinisomea alibaki?"

"Mzigo wako ulikuwa mlangoni, Filomena. Ulishaufunga, unakwenda kwenu Masasi. Mie nimeukalia huo mzigo, nasoma. Nilipofika hapo, ulitaka nisome nini? Nikatunga. Mengine yote nilitunga. Mwenyewe sikuwahi kuvuka sura ya nne. Niliogopa."

Filomena akakumbuka. Kweli Kasiani aliukalia. Mle ndani mlikuwa na sahani, mbili zikavunjika, na hata kwa hilo hakuomba radhi.

Kasiani akaketi chini bila kukaribishwa, povu likimkaukia. Pombe alikuwa ameacha, ila si upesi kama mume aliyemtunga. Yule aliacha sura ya sita, yeye mwaka wa sita. Wembe akauweka kando.

"Sasa utafanyaje?" akauliza.

Filomena akafungua sura ya nne, akamsomea kwa sauti, polepole, bila kuruka neno: mzigo, kituo, basi la Tanga. Basi likaondoka. Filomena akaishia hapo.

"Mama Mwanahawa," Kasiani akasema. "Halafu? Alirudi?"

Filomena akakifunga kitabu.

"Macho yamechoka," akasema. "Tutaendelea kesho."