Tumbili Waliomdharau Mama

Tumbili hamwogopi mwanamke. Sikuyasoma hayo popote. Niliyaona mwenyewe, kwenye shamba letu karibu na Sosiot. Baba akipita, wote wanatorokea ng'ambo ya mto. Mama akipita, wanaendelea kula.

Nyinyi mliokua nami miaka hiyo mnajua kwamba likizo ya Agosti haikuwa ya kupumzika. Ilikuwa ya kulinda mahindi. Sisi tulikuwa na kipande kimoja tu, kwa sababu kwingine kote kulikuwa na chai, na Mama hakuacha kutukumbusha: "Chai haisongwi ugali!" Tumbili wakimaliza kipande hicho, ugali wa mwaka mzima umekwenda. Basi mimi na dada yangu Chepkemoi tulishinda pale, mkebe mkononi, umande miguuni, tukipiga kelele mpaka sauti zinakauka.

Lakini tulijifunza mengi. Tumbili mmoja hupanda mtini kuwa askari wa zamu, wengine wakivuna. Akiona tai hulia hivi, akiona nyoka hulia vingine, na wenzake wanajua waangalie juu au chini. Mahindi huyajaza mashavuni kwanza, kutafuna baadaye, kama mgeni wa harusi mwenye haraka. Na dume lao, sijui nisemeje, huko nyuma lina rangi ya samawati kama lango la shule. Chepkemoi alipouliza ni kwa nini, Mama alimjibu, "Umeletwa uangalie mahindi ama uangalie huko?"

Kila asubuhi Baba alibeba majani ya chai kwenda kituo cha kuyapimia na kuyauza, na tumbili walijua saa yake kuliko sisi. Siku moja Mama akachoka. Akavaa koti la Baba, kofia yake na gambuti zake, akaingia shambani akikohoa kwa sauti nzito. Walitimka! Tulicheka mpaka tukaanguka. Kesho yake dume lile likakaa kwenye ua, likamkagua kuanzia kofia mpaka gambuti, kisha likachuma hindi. Jirani yetu, Mama Kipngetich, akaita kutoka kwenye shamba lake la chai, "Mzee wa boma, habari ya asubuhi!"

Kogo, mama yake Baba, akaja kuona kelele ni za nini. Mwanamke mfupi, sketi mbili, fimbo. Akasimama tu ukingoni mwa mahindi. Tumbili wote wakaondoka, hata askari wao. Tangu siku hiyo aliwekewa kiti shambani, akichambua mboga zake, na ugali wetu ukapona. Tulipomwuliza siri yake, alisema, "Mnaniuliza mimi? Waulizeni hao."

Watoto wangu wanawajua simba wote wa kwenye simu. Likizo iliyopita niliwatuma kwa Mama walinde mahindi. Niliwakuta wakipiga picha, na tumbili wametulia wakipigwa, kila mmoja na hindi lake. Sisi tulikuwa na mikebe, lakini angalau tulikuwa maadui.

Kogo hayuko tena. Mama amefika umri wake, ameirithi fimbo ileile, na siku hizi anavaa sketi mbili kwa makusudi. Jumapili baada ya kanisa alinipigia simu, sauti imejaa hasira.

"Hawa bado hawanihesabu," alisema. "Kwani Kogo alikuwa na nini?"