Kilima cha Mama Kavira

Nakumbuka, mwanangu, siku Mama Kavira alipoishika picha yangu, akaitazama sana, kisha akanirudishia na kuniuliza, "Hapa ni wapi?"

Ilikuwa wakati wa vita. Nilikuwa msichana, nikifanya kazi katika studio ya baba yangu mkubwa hapa Butembo. Tulipiga picha za harusi na za komunyo ya kwanza. Wewe leo unaniuliza namna ya kupiga picha za milima zikapendeza. Siku zile hakuna aliyethubutu. Ukikutwa umeelekeza kamera mlimani uliitwa mpelelezi, na wako waliokamatwa kwa hilo wasirudi nyumbani.

Mama Kavira alikuwa jirani yetu, mkimbizi kutoka upande wa Vuhovi. Mdogo wake, Masika, alikuwa na mguu mbovu, akabaki nyuma. Waliokimbia mwisho walisema kule kilimani hakuna nyumba iliyosimama, basi familia ikamwombea Masika misa ya marehemu. Tangu misa ile Mama Kavira aligeukia ukuta. Chakula hakukitaka, maneno hakuyataka. Ila asubuhi moja alimwambia mtoto wake, Kakule, "Nataka kuona kwetu. Hata ku foto."

Nilienda kule na Kakule. Nikasimama barabarani jua likiwa utosini, nikapiga haraka, tukarudi. Kilima chote kilionekana, na mimi niliiona ni picha nzuri. Ndiyo hiyo aliyonirudishia.

"Mama, ni kwenu," nilimwambia.

"Hapana. Kwetu iko na mabonde. Hii imelala kama kitambaa."

Baba mkubwa, aliyekuwa amenisindikiza kwa Mama Kavira, alisubiri tufike studio, akafunga mlango.

"Ulisimama wapi?"

"Ku barabara."

"Yeye alizaliwa ku barabara?"

Nikaweka kamera mezani.

"Katikati ya muchana jua inafuta mabonde yote," alisema. "Enda umuulize alizoea kuangalia kwao akiwa wapi, na saa gani. Halafu usimame pale, ile saa."

Nikamuuliza. Mwanangu, mama yule aligeuka kutoka ukutani! Alinieleza mawe yaliyo karibu na kapela, kanisa lao dogo, ng'ambo ya bonde, ambapo yeye na Masika walikuwa wakitua mizigo ya kuni kulipopambazuka. Alinieleza migomba, njia, mti wa mwisho kabla ya nyumba. Aliongea mpaka akaomba maji, na baada ya maji akaomba uji.

Tukaondoka tena, kamera nimeificha katika kikapu chini ya sombe, majani ya muhogo. Kwenye kizuizi askari wakamwaga kikapu chini.

"Hii ni ya nini?" mkubwa wao akauliza. "Muko napigia nani mulima foto?"

 Nikasema ukweli, maana uongo sikuwa nao tayari. "Mama yetu anagonjwa, chef. Anataka kuona kwao."

 Yule mkubwa akaweka kofia yake sawa. "Bon. Utupige sisi kwanza."

Wakajipanga, mmoja mmoja, wawili wawili, na bunduki zao. Wengine walikuwa wadogo kuliko mimi. Walipotuachia, filme ilikuwa imebaki na picha moja tu.

Tulilala kwa mkatekista karibu na kapela. Kulipoanza kupambazuka nilikuwa tayari kwenye mawe yale, kamera nimeiegemeza juu ya jiwe isitikisike. Ukungu ulijaa bondeni. Kakule akaninong'oneza, "Piga, twende." Sikupiga. Jua likatokea upande wa kuume, likapita juu ya kilima kwa ubavu, na kila bonde likapata kivuli chake. Migomba ya karibu ikasimama mbele, nyeusi, na nyuma yake kilima kikaonekana mbali na kikubwa. Nikashika pumzi, nikapiga.

Tuliporudi, Mama Kavira aliisogeza picha karibu na dirisha. Akaanza kutaja kila kitu kwa kidole: njia, shamba la marehemu mume wake, ule mti. Kidole kikafika pembeni, kikasimama.

"Kakule. Nani anapika pale?"

Tukainama wote. Nyuma ya migomba kulikuwa na uzi mwembamba wa moshi. Mimi niliyepiga sikuuona.

"Ni ku jikoni ya Masika," alisema. "Muliombea mutu angali muzima misa ya wafu."

Kakule alirudi kule, akapanda kilima na mkatekista yule. Nyumba ilikuwa imeungua kweli, lakini jiko la nyuma lilibaki, na ndani yake Masika, hai, amekonda amebaki mifupa mitupu. Alikuwa akiwasha moto alfajiri tu, kabla ya wenye bunduki kuanza kuzunguka. Wakambeba kwa machela. Nilikuwepo alipoingizwa uani. Wale ndugu wawili hawakulia kwa sauti. Walishikana mikono wakaongea Kinande chini chini, kama watu walioachana jana.

Baba mkubwa hakukubali picha ile iwekwe dirishani pa studio. "Moshi iliyotuonyesha Masika inaweza kuonyesha adui watu wengine waliojificha," alisema. Kilimani kwao hawakurudi tena. Wote wawili wamezikwa hapa Butembo.

Basi mwanangu, ukitaka kupiga milima, anza na kuuliza wenyeji wake. Amka mapema, uache jua lije kwa ubavu. Weka kitu cha karibu mbele, ili macho yapate pa kuanzia safari. Kamera itulie, na wewe utulie zaidi. Usibonyeze kwa sababu mwenzako ana haraka. Ukimaliza, tazama pembe zote za picha, kwa maana unachokiona wewe ni mandhari, na mwingine ana mtu wake mle ndani. Na kabla ya kuionyesha dunia, jiulize itamfikia nani.

Mungu akulinde kila utakaposimama juu ya kilima. Akupe macho yenye subira na miguu ya kukurudisha nyumbani, na wale unaowatafuta uwakute wangali wazima.